Sailensi Inayocheza: Kusafisha Throto na Sensa ya Hewa Ukiwa Nyumbani

Dalili ya kwanza ya sailensi inayocheza, yaani mzunguko wa injini usiotulia ukiwa hujakanyaga mafuta, mara nyingi huja kwenye tuta. Unapunguza mwendo, unaachia mafuta, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unashuka hadi 500 au chini yake, taa za dashibodi zinafifia kidogo, halafu injini inajikongoja na kurudi, au inazima kabisa. Ukiwasha AC hali inazidi. Asubuhi gari linawaka, linazima, unawasha tena ndipo linatulia. Kwa Toyota za Kijapani zilizojaa mitaani kwetu, IST, Vitz, Probox, Fielder, Raum, Spacio, nyingi zikiwa na injini za ukoo wa NZ, sehemu ya kwanza ya kutazama ni njia ya hewa. Hapo kuna throto, bomba fupi lenye kisahani kinachofungua na kufunga hewa ya injini, na kuna ile sensa ndogo inayopima hewa, ambayo mafundi wengi huiita eafloo.

Kazi yenyewe haihitaji gereji. Inataka saa moja na nusu, spana namba 10, bisibisi ya nyota, makopo mawili ya dawa (moja la sensa, jingine la throto) na kitambaa kisafi. Magari yanayosafishwa kisha yakarudi yakiwa na hali mbaya kuliko mwanzo hayakuharibiwa na usafi. Yaliharibiwa na dawa isiyofaa, au na mtu aliyelazimisha kitu kinachoendeshwa na mota, au yaliwashwa kana kwamba kompyuta ya gari haina kumbukumbu. Hilo la kumbukumbu ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha ugonjwa ni wa hewa. Injini ikishapata moto, weka N, zima AC na taa, kisha utazame mshale. Kama umetulia kwenye 700 hivi lakini gari linatetemeka hadi usukani, throto haina kosa. Weka D huku umekanyaga breki. Mtetemo ukiongezeka, ukarudi N ukapungua, na mshale haukuyumba, anza na mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini. Na kama mtetemo unakuja kwa mapigo, na ukiweka kiganja nyuma ya eksozi unasikia pumzi inaruka pigo moja moja, injini inamisi: hiyo ni plagi au koili. Mshale unaopanda na kushuka wenyewe, 500, 1,000, 500 tena, au unaoporomoka mara tu unapoachia mafuta, ndio wa kuufuata kwenye njia ya hewa.

Hata hapo bado kuna mshukiwa mmoja wa kumwondoa. Kati ya boksi la kichujio cha hewa na throto kuna hosi nene ya mpira yenye mikunjo. Mpira huo ukizeeka hupasuka ndani ya mikunjo, mahali ambapo jicho halifiki hosi ikiwa imekaa kwenye nafasi yake. Ukikanyaga mafuta injini inaegemea upande mmoja, ufa unafunguka, na hewa inaingia bila kupita kwenye sensa. Ivue hosi, ikunje kwa mikono miwili kila upande, mkunjo kwa mkunjo, ukiielekeza juani. Tazama pia kihosi chembamba kinachotoka kwenye kava la juu la injini, kinachopeleka moshi wa oili kwenye manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Hicho nacho hugeuka kigumu kama plastiki na kupasuka nchani. Ufa wa namna hii unaleta dalili zilezile za throto chafu, na unaweza kusafisha hadi kopo likaisha bila gari kubadilika.

Mwenye kidude cha kusoma kompyuta, kile kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu, ana njia fupi zaidi. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani miaka ya mwanzo ya 2000 hayaitikii vidude hivyo, lakini likiitika, tafuta namba zinazoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi (kwa Kiingereza fuel trim), ile ya muda mfupi na ile ya muda mrefu. Zisome mara mbili, gari likiwa kwenye sailensi na likishikiliwa kwenye RPM 2,500. Namba ikiwa kubwa kwenye sailensi, tuseme +15 au zaidi, kisha ikashuka karibu na sifuri ukipandisha RPM, kuna hewa inaingilia pembeni. Ufa mdogo una uzito mkubwa pale injini inapovuta hewa kidogo, na uzito huo unapotea ikivuta nyingi. Namba ikiwa ya kawaida kwenye sailensi lakini inapanda kadiri unavyopandisha RPM, sensa ya hewa inadanganya, ama kwa uchafu ama kwa uzee, ingawa pampu ya mafuta iliyochoka na nozeli zilizoziba huleta sura hiyohiyo. Namba ya hitilafu P0171 peke yake haikuambii ni ipi kati ya hizo. Inasema tu kwamba mafuta ni kidogo kuliko hewa.

Kidude hichohicho kinaonyesha gramu za hewa kwa sekunde. Injini ya lita 1.5 iliyopata moto, ikiwa kwenye sailensi bila AC, huvuta karibu gramu 2 kwa sekunde. Andika kipimo hicho cha gari lako kabla ya kusafisha, ukilinganishe baadaye.

Uchafu wa throto na uchafu wa sensa ni vitu viwili tofauti, na ndiyo maana dawa zake hazibadilishani. Sensa iko karibu na kichujio, inapigwa na vumbi. Throto iko mbele zaidi, karibu na injini, na inachafuliwa na mvuke wa oili. Ndani ya injini kuna gesi zinazopenya kando ya pistoni na kushuka kwenye oili. Hazitolewi nje, zinarudishwa kwenye manifoldi zichomwe upya. Ukizima injini ya moto, mvuke huo unapanda taratibu na kutua kwenye chuma cha throto, na hapo unaganda pamoja na vumbi jembamba kuwa gamu nyeusi. Haijipangi sawasawa. Inajikusanya kwenye mstari ule ambao ukingo wa kisahani unagusana na ukuta wakati umefunga, yaani mahali pale hasa ambapo hewa ya sailensi inapita. Upenyo wenyewe ni mwembamba mno, kwa hiyo gamu ya unene wa karatasi inatosha kuuziba.

Sababu moja ya mvuke mwingi wa oili inatoka kwenye mazoea yetu wenyewe. Injini ya 1NZ-FE inachukua takribani lita 3.7 za oili pamoja na filta. Galoni linalouzwa ni la lita 4. Fundi analimimina lote, oili inavuka alama ya juu ya kijiti, na ya ziada inaishia kutoka kama mvuke kupitia kihosi kile. Ukikuta throto imelowa oili mbichi badala ya gamu kavu, pima oili kwanza, kisha chomoa valvu ya PCV, ile inayopitisha mvuke huo kwenda manifoldi, kwenye kava la injini uitikise sikioni. Nzima hugonga ndani, tak tak. Isiyogonga imekwama, na kama hutaibadilisha utakuwa unasafisha throto kila baada ya miezi michache.

Tuanze na sensa, kwa kuwa ndiyo inayotaka mkono mwepesi. Injini iwe imepoa, funguo imetolewa kwa dakika kama tano. Sensa imekaa kwenye kifuniko cha boksi la kichujio au kwenye bomba linalotoka humo, ikishikwa na skrubu mbili za nyota na soketi ya waya, kwa kawaida tano. Bonyeza kikufuli cha soketi mpaka mwisho ndipo uvute, na uvute soketi, si waya. Plastiki iliyokaa miaka 20 karibu na joto la injini ni kama ganda la yai, na kikufuli kikivunjika soketi italegea kwenye matuta na kuwasha taa ya cheki injini siku ambayo huitarajii. Skrubu nazo zina tabia ya kuharibika vichwa. Tumia bisibisi inayojaa kwenye kichwa, ikandamize kwa nguvu kabla ya kuzungusha.

Ikishatoka, ielekeze kwenye mwanga uchungulie kile kitundu chake. Ndani utaona vitu viwili vidogo, kila kimoja kama punje ya ulezi iliyoshikwa na waya mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Nje ya kitundu kuna punje nyingine, imejitokeza kama tone la maji. Hiyo ya nje inapima joto la hewa inayoingia. Za ndani zinafanya kazi ya kupima wingi: moja inapashwa moto kwa umeme na kutunzwa kwenye joto la juu kuliko hewa, nyingine inasoma joto la hewa ili kulinganisha. Hewa ikipita inaipoza ya moto, kompyuta inaongeza umeme ili kuirudisha kwenye joto lake, na kiasi cha umeme kilichoongezwa ndicho kipimo cha hewa. Sasa fikiria punje hiyo imevikwa koti la vumbi. Hewa inapita lakini haiipozi ipasavyo, sensa inaripoti hewa kidogo kuliko iliyoingia, kompyuta inatoa mafuta kidogo, gari linakuwa zito kwenye mlima na dereva anazidi kukanyaga.

Punje hizo haziguswi kwa kitu chochote. Si kwa pamba ya masikio, si kwa mswaki laini, si kwa ncha ya kitambaa, wala si kwa upepo wa kompresa. Kinachozisafisha ni dawa ya sensa ya hewa pekee, ambayo imeandikwa hivyo kwenye kopo na ambayo hukauka bila kuacha chochote. Kampuni ya CRC wanayo inayojulikana sana, na zipo nyingine. Shika sensa kitundu kikiangalia chini ili uchafu utoke nje, weka ncha ya mrija umbali wa sentimita 10 hivi, upulize mara 10 hadi 15 kwa vipigo vifupi, ukibadilisha pembe ili dawa iingie pande zote mbili za kitundu na kwenye lile tone la nje. Mrija usiingizwe ndani ya kitundu. Dawa inayodondoka mwanzoni ni ya rangi ya chai. Endelea mpaka idondoke safi. Puliza kidogo pia kwenye pini za soketi. Kisha iache ikauke yenyewe kivulini kwa dakika 20 angalau. Kuirudisha ikiwa na unyevu na kuwasha gari ni kuupasha moto waya ulioloa, na hapo unaweza kuupoteza.

Kabu klina, ile dawa ya kabureta inayopatikana kila duka la spea, haifai hapa. Ni kali kwa plastiki na baadhi huacha utando unaoganda juu ya punje. Breki klina wapo wanaoitumia na wakapona, lakini baadhi yake hushambulia plastiki na gundi, na kopo halikuambii ni ipi mpaka uharibifu utokee. Petroli na thina ni hatari kwako na kwa sensa. Kwa thamani ya kipande chenyewe, tofauti ya bei ya kopo sahihi ni ndogo mno kubishania.

Makopo yote haya yanawaka moto upesi. Fanya kazi nje au penye upepo, mbali na jiko la mkaa na sigara, vaa glavu, na usiyaache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Wakati sensa inakauka, nenda kwenye throto. Legeza klampu ya hosi nene, toa vihosi vyembamba ukivikumbuka vilikokuwa (piga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu, picha hiyo itakuokoa), uivute hosi pembeni. Utaona tundu la duara na kisahani ndani yake. Hapa lazima ujue gari lako ni la aina gani. Kama pembeni ya throto kuna gurudumu dogo lenye waya wa chuma unaotoka kwenye pedeli ya mafuta, ni throto ya waya. Kama hakuna waya wa chuma, ila kuna boksi la plastiki lenye soketi kubwa ya umeme, ni throto ya umeme, na kisahani kinazungushwa na mota. Usikisie kwa mwaka wa gari wala jina lake, maana kuna majina yaliyotoka na aina zote mbili.

Kwenye throto ya umeme, chomoa temino hasi ya betri au soketi ya throto kabla ya kuingiza kidole. Mota ile inafunga kisahani ghafla na kwa nguvu ya kuumiza, na mtu akiwasha swichi ukiwa umeingiza mkono utajua. Ndiyo maana sipendi kabisa ule mtindo wa mmoja kukaa ndani akikanyaga mafuta na mwingine akisugua. Umeme ukishakatwa, kisahani kitakuwa kimejiachia wazi kidogo, upenyo mwembamba tu. Ndivyo kilivyotengenezwa, kimeachwa hivyo ili gari lijikokote likipoteza mota. Usijaribu kukifunga. Kusukuma ili kufungua kunafanywa taratibu, kwa kijiti cha mbao au kidole, ukisikilizia springi, bila kukiachia kipige. Ndani ya lile boksi kuna gia za plastiki, na zikikatika jino moja throto nzima inakwisha.

Dawa ya throto pulizia kwenye kitambaa, si ndani ya tundu. Ukimwaga ndani, dawa inabeba gamu na kuipeleka kwenye beringi za mhimili wa kisahani na kwenye sensa inayosoma kimefunguka kiasi gani, na iliyobaki inajikusanya chini ya manifoldi, gari linawaka kwa shida na moshi mzito. Kitambaa kiwe cha kutotoa nyuzi, fulana ya pamba iliyochakaa inafaa sana. Kizungushie kidole, futa ukuta wa mbele, kisha ukingo wa kisahani kuzunguka duara zima, kisha fungua kisahani na ufute uso wake wa nyuma na ule mstari mweusi nyuma yake. Huo wa nyuma ndio kazi. Watu wanafuta mbele mpaka pang'ae, wanafunga, gamu yenyewe imebaki mgongoni. Penye gamu ngumu weka kitambaa kilicholoa kwa dakika mbili kilainishe, halafu ufute. Kwenye kona za mhimili tumia mswaki laini. Msasa, kisu, brashi ya waya na stilwuli visikaribie. Baadhi ya throto zina utando mweusi wa kiwandani pale kisahani kinapofunga, unaoziba upenyo, na ukiukwangua ukidhani ni uchafu sailensi haitashuka tena.

Throto ya waya ni mvumilivu zaidi, unaifungua kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono na kuishikilia. Lakini ina njia ya pili ya hewa. Tafuta kitundu kidogo kwenye ukuta, mbele ya kisahani: hicho kinapeleka hewa kwenye valvu ya sailensi iliyo chini au pembeni ya throto. Kisahani kikiwa kisafi na valvu imejaa gamu, gari litaendelea kuzima. Puliza dawa kidogo ndani ya kitundu, subiri dakika tano, puliza tena. Ikishindikana, valvu inafunguliwa kwa skrubu zake, ambazo huwa zimekaza sana, na gasketi yake itataka kubadilishwa.

Pembeni ya gurudumu kuna skrubu ndogo ambayo kisahani kinaegemea kikifunga, mara nyingi ina alama ya rangi ya kiwandani. Hiyo iache. Magari mengi yaliyopita mikononi mwa fundi mwenye haraka yamekazwa skrubu hii ili kuficha sailensi iliyoshuka, na inafanya kazi kwa wiki kadhaa. Kisha kompyuta haisomi tena kwamba mguu umetoka kwenye mafuta, gari linakimbia lenyewe kwenye mteremko, na gia za otomatiki zinaingia kwa kishindo. Ukikuta rangi imevunjwa, jua kwamba mtu alishapita hapo, na baada ya kusafisha sailensi itapanda mpaka skrubu irudishwe mahali pake.

Kuivua throto kabisa nakushauri pale tu gamu ni nyingi hadi nyuma kwenye manifoldi. Inashikwa na bolti na nati chache, lakini Toyota nyingi zina vihosi viwili vya maji ya rejeta vinavyopita kwenye throto. Vikifunguliwa injini ikiwa ya moto utaungua. Injini ikiwa baridi, unaweza kuisafisha throto ikiwa imening'inia kwenye vihosi vyake bila kuvichomoa. Angalia pete ya mpira nyuma yake. Ikiwa imelala bapa badala ya kuwa duara, weka mpya, la sivyo utakuwa umejitengenezea ule ufa wa pembeni. Kaza bolti kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa mkono wa kawaida, kwa sababu nyuzi zake zimo ndani ya alumini au plastiki.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, ila boksi la kichujio linastahili macho. Klipu zake zote zibane. Klipu moja iliyovunjika inaacha mdomo wazi milimita moja, na kwenye barabara ya vumbi hiyo inatosha kuirudisha sensa ilikotoka.

Sasa kumbukumbu. Kwa miezi yote ambayo gamu ilikuwa inaziba, kompyuta ilikuwa inajifunza kukifungua kisahani, au valvu ya sailensi, zaidi na zaidi ili kupata hewa ileile. Umeondoa gamu, lakini somo bado limo kichwani mwake. Ukiwasha, inafungua kama ilivyozoea, hewa inaingia nyingi, na sailensi inapanda 1,200 hadi 1,500. Hapo ndipo watu wanaposema throto imeharibika, au wanapoanza kushika ile skrubu.

Kwa Toyota, kufuta somo hilo ni rahisi. Chomoa fyuzi ya EFI, ile ya kompyuta ya injini, kwenye boksi la fyuzi kwa dakika mbili tatu, kisha irudishe. Kuchomoa temino ya betri kunafanya kazi hiyohiyo, lakini redio za Kijapani zenye ramani nyingi zikikosa umeme hudai namba ya siri au kadi yake ya ramani ambayo huna, na utabaki na kioo kinachoandika Kijapani tu. Ndiyo maana kwa gari lenye redio hiyo ni bora hata kwenye throto ya umeme uchomoe soketi yake badala ya temino. Baada ya hapo washa gari bila kukanyaga mafuta, AC na taa zikiwa zimezimwa, uliache kwenye P au N mpaka lipate moto, na dakika 10 juu yake. Kisha washa AC dakika chache, kisha weka D ukiwa umeshika breki. Mara ya kwanza itachukua sekunde kadhaa kuwaka na inaweza kutoa moshi. Ni dawa iliyobaki inaungua. Endesha kilomita 20 au 30 za mchanganyiko, foleni na mwendo, ndipo uhukumu.

Nissan za throto ya umeme, kama X-Trail, Tiida na Note, kwa kawaida hazirudi zenyewe, na hapa wengi wamenunua throto wasiyoihitaji. Zina utaratibu wa kufundishwa upya kwa pedeli. Injini iwe ya moto, betri iwe na chaji nzuri, kila kitu cha umeme kizimwe, magurudumu yanyooke, gia iwe P au N. Zima gari, subiri sekunde 10. Weka swichi kwenye ON bila kuwasha, subiri sekunde 3. Ndani ya sekunde 5, kanyaga pedeli hadi mwisho na kuiachia mara 5. Subiri sekunde 7, kanyaga hadi mwisho na ushikilie kama sekunde 20: taa ya cheki injini itaanza kupepesa, kisha itawaka bila kupepesa. Iachie pedeli ndani ya sekunde 3 tangu ilipotulia, uwashe injini, usubiri sekunde 20, upandishe RPM mara mbili tatu. Sailensi ishuke. Ukikosea hesabu haitafanyika na hutaharibu kitu, zima urudie. Shika saa ya simu mkononi, maana kwa kukisia wengi wanakosea sekunde 7.

Kama sensa imesafishwa vizuri, hakuna ufa, na ile namba ya asilimia bado inapanda kadiri RPM inavyopanda, pima msukumo wa mafuta. Ukiwa mzuri, sensa imechoka. Namba ya kipande imeandikwa juu yake; nyingi za Toyota za miaka ya 2000 ni 22204-22010. Linganisha namba, si umbo, kwa sababu zipo zinazoingia kwenye tundu lilelile lakini zinasoma hewa kwa kipimo kingine. Kati ya mpya ya bei ya kutupa na iliyotumika ya asili kutoka Japani, chukua iliyotumika. Waya wa feki unasoma vibaya tangu siku ya kwanza, na gari lako litakuwa linafuata uongo mpya badala ya ule wa zamani uliouzoea.

Kwa gari linalotembea lami ya mjini, sensa inatosha kusafishwa kila kilomita 30,000 na throto kila 50,000 hivi. Kwa gari la barabara ya vumbi, usingoje kilomita hizo. Baada ya kama kilomita 1,000 tangu kazi hii, fungua boksi la kichujio na upitishe kidole kwenye plastiki ya upande wa ndani, ule ambao hewa imeshachujwa. Kidole kikitoka kisafi, funga. Kikitoka na unga laini wa rangi ya udongo, fuatilia unga huo unakoanzia: utaona michirizi kama njia za siafu ikitoka ukingoni mwa kichujio, pale mpira wake haukubana au klipu haishiki. Kiweke kichujio kinachojaa kwenye boksi mpaka kwenye kona, tengeneza klipu, futa boksi kwa kitambaa chenye unyevu, na hapo ndipo ununue kopo jingine la dawa ya sensa.